FYUZI YA PLAGI NA VIFAA VITOKAVYO NCHI JIRANI

Askari anayerejea kutoka kazi za ulinzi wa amani nje ya mpaka hurejea na begi lake, na ndani ya begi hilo mara nyingi mna pasi, birika la umeme au feni ndogo iliyonunuliwa sokoni huko alikokuwa. Tangu mwaka 2013, Tanzania imeshiriki pamoja na Afrika Kusini na Malawi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa mashariki ya Kongo, na vifaa vya namna hiyo vimekuwa vikiingia katika mahanga na nyumba za askari. Kifaa chenyewe huwa hakina kasoro. Hatari imo katika ile plagi yake ya miguu miwili ya duara, ambayo ndani yake hamna fyuzi.

Tofauti hiyo ina historia yake. Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi zilirithi plagi ya Waingereza yenye miguu mitatu ya bapa, ambayo kipimo chake rasmi kilitolewa Uingereza mwaka 1947. Kongo, Rwanda na Burundi zilifuata desturi ya Wabelgiji, na Msumbiji ina plagi za duara za namna zake. Afrika Kusini nayo hutumia plagi kubwa ya miguu mitatu ya duara. Katika kundi hili lote ni ile plagi ya bapa peke yake yenye fyuzi ndani yake.

Waingereza hawakuiweka fyuzi hiyo kwa anasa. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiendelea, walianza kupanga jinsi ya kujenga upya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, na shaba ilikuwa adimu. Ndipo wakabuni mtindo wa kuzungusha waya mmoja nyumba nzima na kuurudisha ulikoanzia, ili soketi nyingi zilishwe na saketi moja yenye fyuzi ya ampea 30 kwenye ubao wa swichi, ambayo siku hizi huwa ni swichi ya kujikata ya ampea 32. Sasa, waya mwembamba wa redio hauwezi kulindwa na swichi ya ampea 32, kwani utaungua wenyewe kabla swichi hiyo haijashtuka. Kwa sababu hiyo kila plagi ikapewa mlinzi wake. Kwa wale wa upande wa pili, saketi za soketi kwa kawaida hulindwa kwa ampea chache zaidi, nao hawakuona haja ya fyuzi katika plagi.

Kwa hiyo kifaa kilichokuwa salama Goma hupungukiwa na ulinzi kinapochomekwa Kigoma au Tabora. Hali huwa mbaya zaidi kwa ile desturi ambayo kila mtu kambini ameiona, ya kutia kalamu au kijiti katika tundu la juu la soketi ili vifuniko vya matundu ya chini vifunguke, kisha plagi ya miguu miwili ikasukumwa kwa nguvu. Miguu hiyo haikai sawasawa, hivyo hucheza na kupata moto. Zaidi ya hayo, waya wa ardhi haukuguswa kabisa, na pasi yenye bati la chuma inaweza kumpiga shoti anayeishika. Adapta zinazouzwa madukani ni nafuu kidogo, lakini nyingine hazina fyuzi, na zenye fyuzi mara nyingi hubeba ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa waya wa feni.

Hapa yafaa ieleweke fyuzi inalinda nini. Wengi hudhani inalinda kifaa, au inamlinda mtu asipigwe na umeme. La hasha. Fyuzi ya plagi imewekwa kwanza kuulinda ule waya uendao kutoka plagi hadi kwenye kifaa, usipate moto kupita kiasi ukayeyusha mpira wake na kuwasha kilicho karibu, kama vile godoro, chandarua au pazia.

Kuichagua hakuhitaji fundi. Nyuma au chini ya kila kifaa pana kibandiko chenye idadi ya wati. Idadi hiyo ikigawanywa kwa volti, ambazo Tanzania ni 230, jibu ni ampea. Feni ya wati 50 haifiki hata robo ya ampea moja. Televisheni ya wati 100 haifiki nusu ampea. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na kitu, na birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kifaa kisichozidi wati 700 kipewe fyuzi ya ampea 3, na kinachozidi hapo kipewe ya 13. Zipo pia za ampea 5. Jokofu limo katika hesabu ya peke yake: wati zake ni chache, lakini mota yake huvuta umeme mwingi kwa nukta chache inapoanza kuzunguka, kwa hiyo watengenezaji wengi huliwekea ya 13, na waya wake huwa mnene wa kutosha.

Waya nao una neno lake. Wenye unene wa milimita mraba 0.5, ambao ndio wa redio na taa za mezani, haustahili zaidi ya fyuzi ya ampea 3. Birika huhitaji waya wa 1.0 au zaidi. Mtu anayeweka fyuzi ya 13 katika waya wa taa kwa kuwa dukani hamkuwa na nyingine hana budi kujua kwamba fyuzi hiyo haikatiki umeme ufikapo ampea 14. Inaweza kubeba hata ampea 20 kwa nusu saa nzima bila kukatika, na waya ule mwembamba hauwezi kustahimili muda huo.

Lipo kosa lililo baya kuliko yote, nalo ni kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au msumari, mahali pa fyuzi iliyoungua. Hapo plagi imevuliwa ulinzi wote. Fyuzi ya kioo iliyotolewa ndani ya redio nayo haifai, hata ikienea. Ile ya plagi ina gamba la udongo wa kauri na mara nyingi hujazwa mchanga ndani, ili ikikatika kwa kishindo cha shoti cheche zizimike humo humo. Ya kioo yaweza kupasuka.

Dawa ya kifaa kilichotoka nje ni kuikata plagi yake na kufunga ya bapa yenye fyuzi inayostahili. Plagi ikifunguliwa, mguu wa ardhi ukiwa juu na miguu yote ikielekea upande wa pili, waya wa kahawia huenda kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wa kijani na manjano juu. Kifaa chenye nyaya mbili tu kitazamwe kibandiko chake: kikiwa na alama ya mraba ndani ya mraba, hakihitaji waya wa ardhi. Plagi iliyokatwa itupwe ikiwa imepindwa miguu, mtoto asije akaichomeka na ncha za waya zikiwa wazi.