Binti akirudi kumuuguza mama, barua itangulie chuoni

Baada ya swala ya Ijumaa, katika moja ya misikiti ya mjini Singida, mzee mmoja, mkulima wa alizeti kutoka Ikungi, alitusogelea akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wanangu, nisomeeni hii taratibu," alisema. "Nimeshasomewa mara mbili, moyo bado haujakubali."

Ilikuwa barua ya chuo. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa ameondolewa masomoni kwa sababu mbili: mahudhurio hafifu, na kutofanya mitihani ya mwisho wa muhula bila idhini. Barua haikutaja, wala isingeweza kutaja, kwamba majuma yote hayo binti alikuwa nyumbani akimgeuza mama yake kitandani, akimlisha na kumtawadhisha, baada ya mama huyo kupooza upande mmoja. Chuo hakikuambiwa. Binti alidhani wenzake wangemwombea udhuru. Baba alidhani maradhi ya mzazi hayahitaji kuandikiwa barua.

Hatukuona wa kumlaumu. Binti alitimiza haki ya mama, na haki hiyo ni kubwa katika dini yetu. Chuo nacho kilihukumu kwa kile kilichomo katika daftari lake. Kilichokosekana kati yao ni karatasi moja. Kwa kuwa familia nyingi za mkoa wetu zina watoto vyuoni, iwe katika kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania hapa mjini, katika Chuo cha Ualimu Kinampanda wilayani Iramba, au katika vyuo vya Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, tumeona tulieleze jambo hili kwa utulivu.

Robo ya ruhusa

Vyuo vingi nchini humtaka mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 75 ya vipindi vya kila somo, la sivyo huzuiwa kufanya mtihani wa mwisho wa somo hilo. Tuseme somo lina vipindi viwili kwa juma, kwa majuma 15. Hivyo ni vipindi 30. Mwanafunzi anapaswa kuhudhuria visivyopungua 23, na akikosa cha nane ameshavuka mpaka. Kwa lugha ya nyumbani, mwezi mmoja wa kukaa kijijini unatosha kuufuta muhula mzima.

Na kalenda ya chuo haioani na kalenda ya shamba. Muhula wa kwanza, unaoanza Oktoba au Novemba, hukutana na mvua zetu, kupanda na kupalilia. Muhula wa pili huishia katikati ya mwaka, wakati alizeti zinavunwa na kupigwa. Mzazi anayempigia simu mwanawe arudi "siku chache tu" asaidie kuvuna, mara nyingi humwita katika majuma ya mitihani bila kujua.

Hapa tuwaonye na vijana. Wapo wanaosainiana katika karatasi ya mahudhurio: mmoja yupo darasani, anawatilia saini watatu waliolala bwenini. Huo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa. Aliyetiliwa saini na aliyetia wote wamo.

Alama zinavyopimwa

Wazazi wengi huuliza jambo moja tu: "Umefaulu?" Jibu linategemea ngazi ya masomo. Katika utaratibu wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), daraja C huanzia alama 50 kwa astashahada, 45 kwa stashahada na 40 kwa shahada. Alama 48 ni faulu kwa kaka anayesoma stashahada, lakini si faulu kwa mdogo wake anayesoma astashahada. Tusiwapime watoto wawili kwa pishi moja.

Aidha, masomo hayana uzito sawa. Kila somo lina kredi zake, na wastani, ambao vijana huuita GPA, hupatikana kwa kuzidisha pointi za daraja kwa kredi, kisha kugawa kwa jumla ya kredi. Mwanafunzi wa shahada akipata A, yenye pointi 5, katika somo la kredi 6, na C, yenye pointi 2, katika somo la kredi 12, wastani wake ni 3.0, si 3.5. Somo zito lililopuuzwa huvuta chini jasho la somo jepesi.

Tena, sehemu ya alama, mara nyingi 40 kati ya 100, hutokana na majaribio na kazi za katikati ya muhula, na 60 zilizobaki ndizo za mtihani wa mwisho. Kwa hiyo anayepanga "kukaza mwishoni" huwa ameshapoteza alama ambazo mtihani wa mwisho hauwezi kuzirudisha.

Milango miwili ya kutokea

Mwanafunzi akipatwa na dharura, huwa mbele ya milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuondoka kimya. Daftari humwandika mtoro; mtihani asioufanya bila sababu huhesabiwa ameuanguka. Hata akiruhusiwa kufanya mtihani wa marudio, ule uitwao "sapu", katika vyuo vingi hawezi kupewa zaidi ya C hata angejibu kila swali sawasawa.

Mlango wa pili ni wa maandishi. Akiandika barua mapema na kuambatanisha uthibitisho, kama vile cheti cha hospitali, anaweza kukubaliwa kufanya mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, na alama zake huandikwa kama alivyozipata. Dharura ikiwa ndefu, anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa muhula au mwaka, kisha akarejea pale alipoachia. Binti aliyejifungua na kijana aliyekwama ada nao waulizie mlango huu kabla ya kufunga sanduku. Hata somo moja la hiari lililomlemea mwanafunzi linaweza kuachwa kihalali, ila ni katika majuma ya mwanzo tu, kwa fomu. Muda ukipita, kuliacha ni kulianguka.

Yupo pia mwenye mgonjwa wa muda mrefu, asiyeweza kukaa mbali na nyumbani kabisa. Huyo aangalie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo hapa Singida. Mwanafunzi wake husoma akiwa kwake, bila kulazimika kukaa darasani kila siku.

Deni halikimbiwi

Anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu azingatie zaidi. Kuondoka chuoni hakufuti deni. Aliyeondolewa hubaki nalo bila cheti cha kumsaidia kulilipa. Anayeahirisha masomo naye ahakikishe Bodi imeelezwa, ili fedha zake zipangwe upya atakaporejea.

Waislamu hatupaswi kuliona jambo la maandishi kuwa ni la kizungu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni, na inatutahadharisha tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Mwanafunzi aliyesajiliwa chuoni amefunga mkataba. Akitaka kuusimamisha, auandikie.

La kufanya nyumbani

Kabla kijana hajapanda basi, mzazi akae naye wasome pamoja kanuni za mitihani za chuo. Wayaandike mambo matatu: kiwango cha mahudhurio, tarehe za mitihani, na ofisi inayopokea maombi ya kuahirisha. Kipindi kikiangukia wakati wa Ijumaa, aonane na wahusika wa ratiba mwanzoni mwa muhula, wala asingoje hadi amekosa vipindi vinane. Na kila barua anayoipeleka, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Yule mzee tuliketi naye barazani, tukamsaidia kuandika rufaa ya binti yake, tukaambatanisha karatasi za hospitali zenye tarehe zilezile za mitihani. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umebaki siku nne. Hadi tunaandika haya, majibu hayajafika. Alipokuwa anaondoka alituambia, "Ningejua, ningeiandika siku ile ile niliyompigia simu aje."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama, amfungulie binti, na awape wazazi wengine kuijua habari hii kabla simu ya dharura haijalia. Amin.