Jeshi lililoshindwa lirudi wapi? Kanuni za mchezo wa Diplomacy

WACHEZAJI wengi wa Diplomacy, mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani ya Ulaya ya mwaka 1901, huelekeza mawazo yao katika kushambulia. Hata hivyo, dola inaweza kunusurika au kuangamia kwa sababu ya amri moja tu ya kurudi nyuma.

Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954 na kuanza kuuzwa mwaka 1959. Hautumii dadu. Wachezaji saba huandika amri zao kwa siri, kisha zote husomwa kwa pamoja. Mshindi ni anayeshika vituo 18 vya ugavi kati ya 34.

Kila jimbo huchukua kikosi kimoja tu. Kikosi kinapozidiwa nguvu hung'olewa, na mwenyewe huandika amri ya kukirudisha nyuma. Hatua hii haina mashauriano wala msaada wa kikosi kingine, na jeshi haliwezi kuvushwa bahari.

Jeshi la nchi kavu huruhusiwa kwenda katika jimbo lolote la nchi kavu linalopakana nalo, isipokuwa alikotoka mshambuliaji, lenye kikosi kingine, au lililobaki tupu baada ya vikosi kugongana humo kwa nguvu sawa katika zamu hiyo. Likikosa njia, huondolewa ubaoni. Vivyo hivyo, vikosi viwili vikirudi katika jimbo moja, vyote huondolewa.

Tuchukue mfano wa Ujerumani. Jeshi lake lililoko Munich linashambuliwa na Ufaransa kutoka Burgundy, kwa msaada wa jeshi la Italia lililoko Tyrolia. Berlin na Kiel tayari zina vikosi vya Ujerumani yenyewe, na Ruhr kumetokea mgongano usio na mshindi. Zinabaki Silesia na Bohemia.

Zote mbili zinapakana na Munich, hivyo jeshi linaweza kujaribu kuirejesha. Lakini Silesia inapakana na Warsaw ya Urusi, ilhali Bohemia inapakana na Vienna ya Austria. Mjerumani akichagua vibaya, hujiongezea adui wa tatu.

Wakati nao una uzito. Umiliki wa vituo huhesabiwa baada ya vikosi kurudi nyuma katika majira ya mapukutiko. Kwa hiyo, jeshi lililong'olewa linaweza kurudi katika kituo cha adui kisicho na mlinzi na kukitwaa.

Wakati mwingine ni busara kulivunja jeshi kwa hiari. Dola yenye vituo vingi kuliko vikosi huunda kikosi kipya nyumbani mwishoni mwa mwaka, iwapo ina kituo cha asili kilicho wazi. Jeshi lililokwama mbali hupotea, lakini lingine huzaliwa mahali panapohitaji ulinzi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na katika mchezo huu anayejua kushindwa kwa mpango ndiye hubaki mezani.