Badruddin Tyabji, Jaji wa Bombay

Watoto wa chuoni kwetu wakisikia habari za jaji, jambo la kwanza wanalouliza ni nani aliyefungwa. Basi leo twapenda kuwasimulia wao, na wazee wao pia, habari za jaji wa Kiislamu anayekumbukwa kwa sababu ya mtu aliyemtoa kizuizini.

Badruddin Tyabji alizaliwa Bombay tarehe 10 Oktoba, 1844. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa tajiri wa Kibohora wa tapo la Sulaimani. Mtoto alianzia madrasa, akasoma Kiurdu na Kiajemi, kisha akatiwa skuli ya Elphinstone. Mwaka 1860 alipelekwa Uingereza. Huko macho yakamsumbua hata ikambidi aache masomo ya sheria na kurejea kwao. Sisi tunaosomesha tumewaona wengi walioacha kwa udhuru mdogo kuliko huo! Yeye alirudi tena, na mwaka 1867 akahitimu, akawa barista wa kwanza wa Kihindi katika Mahkama Kuu ya Bombay.

Mwaka 1874 alishirikiana na wenziwe kuunda Anjuman-i-Islam, chama cha kuwasomesha watoto wa Kiislamu, na chama hicho kilikuja kuwa na skuli nyingi. Mwaka 1882 aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Bombay. Mwaka 1887 aliongoza mkutano wa Congress mjini Madras, Mwislamu wa kwanza kufanya hivyo. Sayyid Ahmad Khan wa Aligarh hakuridhika, akiona Waislamu hawana faida humo. Wakabishana kwa barua, kila mmoja na hoja yake.

Mwaka 1895 alifanywa jaji. Miaka miwili baadaye, afisa wa Kiingereza aliyesimamia kazi ya kupambana na tauni aliuawa mjini Poona. Serikali ikamkamata Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari, kwa maandishi yaliyodaiwa kuchochea watu. Dhamana aliiomba, akanyimwa. Ombi likaletwa tena, safari hii mbele ya Tyabji.

Hapa yafaa wasomaji wetu watue kidogo. Tilak ndiye aliyeifanya sikukuu ya Ganapati kuwa sherehe ya hadharani, baada ya ghasia za Wahindu na Waislamu za mwaka 1893, na Waislamu wengi walikuwa na kinyongo naye. Serikali nayo ilikuwa imeghadhibika. Jaji angekataa, nani angemlaumu?

Lakini Tyabji alitazama swali moja tu: je, mtu huyu atahudhuria siku ya kesi? Hakuona sababu ya kudhani atakimbia. Tena aliona kuwa mtu akiwekwa jela, kisha akaonekana hana hatia, haki itakuwa imepotea. Akampa dhamana, Agosti 1897.

Tilak alihudhuria. Kesi ilisikilizwa Septemba na jaji mwingine, pamoja na wazee tisa wa baraza. Wazungu sita walisema ana hatia, na Wahindi watatu wakasema hana. Akafungwa miezi kumi na minane.

Tyabji aliendelea na kazi yake, na mwaka 1902 alikaimu ujaji mkuu wa Bombay, Mhindi wa kwanza kukikalia kiti hicho. Alifariki London mwezi wa Agosti, 1906, akiwa bado ni jaji.