Amri ya malezi ya Dar ukiwa Shisanhang: imekufa au iko hai?



Suala hili linawagusa wenzetu wengi walioko Guangzhou, hasa wanaochukua nguo za jumla pale Shisanhang. Mahakama ya Tanzania imempa mama malezi ya mtoto, baba kapewa haki ya kukaa naye likizo. Mtoto kaja China, likizo imekwisha, baba hataki kumrudisha. Je, ile amri bado ina nguvu? Jamaa watakujibu kwa kujiamini kwamba mambo ya Dar yaliishia uwanja wa ndege. Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Nyumbani amri haifi eti kwa sababu mzazi kahama au kaoa tena. Kwa kawaida inadumu mpaka mtoto atimize miaka 18, isipokuwa mahakama iifute au iibadilishe. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaruhusu kuibadilisha wakati wowote, ikionekana kwamba mahakama ilipotoshwa, ilikosea juu ya ukweli, au hali imebadilika sana. Kuhamia Guangzhou kwaweza kuwa hali iliyobadilika, ila hiyo ni hoja ya kumpelekea hakimu, si ruhusa ya kujiamulia.

Upande wa China mambo ni magumu kwa mama. Hukumu ya nje haitekelezwi mpaka Mahakama ya Watu ya Ngazi ya Kati iitambue, kwa mkataba au kwa kutendeana sawa. Misri na Ethiopia zina mikataba ya namna hiyo na China, Tanzania haina. Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto unatumika Hong Kong na Macau tu, bara haumo. Kwa hiyo askari wa Liwan hatamchukua mtoto kwa kuonyeshwa karatasi ya Dar.

Lakini baba asishangilie. Mama anaweza kufungua kesi mpya huko huko. Kanuni ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, inamwachia mama mtoto wa chini ya miaka 2 kama kanuni ya msingi, na mtoto wa miaka 8 kwenda juu husikilizwa matakwa yake. Kifungu cha 1086 kinamlinda mzazi asiyeishi na mtoto: ana haki ya kumwona, na mwenzake lazima asaidie.

(Ajabu ya mahali penyewe: enzi za Qing wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kukaa Shisanhang msimu wa biashara, wake zao wakakatazwa. Familia zilibaki Macau, baba akawaona msimu ukiisha.)

Kwa maoni yangu baba amrudishe mtoto kwa tarehe iliyoandikwa, ndipo wakili wake wa Dar apeleke ombi la kubadilisha amri, na aambatanishe uthibitisho wa makazi, shule na kibali cha kuishi China. Akimzuia kwanza halafu akaomba, atafika mbele ya hakimu yule yule akiwa tayari amevunja amri yake.