Qin Shi Huang: nguvu yake ilikuwa kwa makarani

Qin Shi Huang akitajwa, wengi hukumbuka Ukuta Mkuu na jeshi la sanamu za udongo ambalo wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an walilikuta mwaka 1974. Lakini ukuta na sanamu havielezi jambo kubwa zaidi. Mtu huyu alitawala China nzima kwa miaka 11 tu, kisha cheo alichojipa, huangdi, kikavaliwa na watawala waliomfuata hadi mwaka 1912. Chanzo cha maisha marefu ya cheo hicho, kwa maoni yangu, ni ofisi aliyoiacha na makarani walioiendesha.

Ying Zheng, kwa jina lake la kuzaliwa, alirithi kiti cha ufalme wa Qin akiwa na miaka 13. Kati ya 230 na 221 KK majeshi yake yaliziangusha falme sita, moja baada ya nyingine. Kwa desturi ya zamani, nchi hizo zingegawiwa wanawe wazitawale. Li Si, mshauri wake, alipinga: watawala wa ukoo wa kale wa Zhou waliwagawia jamaa zao nchi hivyohivyo, na baada ya vizazi vichache jamaa hao wakawa wanapigana vita wao kwa wao. Mfalme akamsikiliza. China ikakatwa mikoa 36, kila mmoja chini ya maofisa walioteuliwa na ambao wangeweza kuondolewa. Maandishi, sarafu na vipimo vikafanywa vya aina moja. Katika Jumba la Makumbusho la Shanghai kuna kibaba cha shaba kilichotengenezwa mwaka 344 KK, wakati wa mageuzi ya Shang Yang, waziri wa Qin, kinachochukua takriban mililita 200. Kwenye kitako chake, zaidi ya miaka 120 baadaye, ilichongwa amri ya mwaka 221 KK ya kusawazisha vipimo. Kwa mkulima aliyelipa kodi kwa nafaka hilo halikuwa jambo dogo, maana mtoza kodi mwenye kibaba kikubwa kuliko cha sheria ni mwizi, na sasa sheria ilikuwa imeandikwa juu ya chombo chenyewe.

Kuna watakaosema mfumo huo ulishindwa, kwani mwaka 206 KK ukoo wa Qin ulikuwa umekwisha. Ni kweli ukoo ulikwisha. Lakini tazama nani aliyeurithi mji mkuu, Xianyang. Liu Bang, mwanzilishi wa ukoo wa Han, alikuwa ofisa mdogo wa Qin vijijini. Kwa mujibu wa mwanahistoria Sima Qian, waasi walipoingia mjini na kukimbilia dhahabu, mtu wake Xiao He, naye karani wa zamani, alikwenda moja kwa moja kwenye masjala akachukua sheria, ramani na orodha za kaya. Hizo ndizo zilizomwezesha Liu Bang kujua wapi kuna watu na wapi kuna ngome. Han walijaribu pia kurudia desturi ya kale kwa kuwapa jamaa zao falme za mashariki. Mwaka 154 KK falme saba kati ya hizo ziliasi, na uasi ulipozimwa mamlaka yao yakapunguzwa. Li Si alikuwa amekwisha kuliona hilo.

Hoja nzito zaidi ni ya ukatili, na haifai kuikwepa. Mwaka 213 KK vitabu vya historia na vya falsafa vilivyokuwa mikononi mwa watu vilichomwa, vikaachwa vya tiba, kilimo na ramli. Wapo wanaomtetea mfalme kwa kusema kwamba Sima Qian aliandika karne moja baadaye, chini ya ukoo uliofaidika na sifa mbaya ya Qin. Wana hoja. Sima Qian anasimulia kuwa mwaka 209 KK wanajeshi 900 waliocheleweshwa na mvua waliasi kwa sababu adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Lakini katika kaburi la ofisa wa Qin lililofukuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975, vilikutwa zaidi ya vipande 1,100 vya mianzi, na sheria ya shokoa iliyoandikwa humo inasema mengine: kuchelewa siku 3 hadi 5, karipio, siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja, zaidi ya hapo, faini ya deraya moja. Mvua ikizuia, wito unafutwa. Huenda askari kama hao walibanwa zaidi, lakini picha ya dola lisilojua ila upanga haisimami.

Hata hivyo, sheria hiyo haimsafishi. Karibu na kaburi la mfalme yamefukuliwa makaburi ya wafanyakazi waliotolewa falme za mashariki, mamia ya kilomita kutoka kwao. Juu ya vigae vilivyovunjika pameandikwa jina la marehemu na wilaya yake, na kwa baadhi yao ilitajwa kuwa walikuwa wakifanya kazi ili kulipa deni la serikali. Faini ya ngao, kwa asiye nacho, ilikuwa njia ya kuelekea kwenye makaburi hayo. Kalamu iliyomlinda mkulima dhidi ya kibaba cha wizi ndiyo iliyomwita kazini na kumwandika alipokufa. Ubaya wa Qin ulikuwa katika kiasi alichowatoza watu, wala si katika kuwahesabu. Han walilielewa hilo: mwaka 167 KK mfalme Wen alifuta adhabu za kukata pua na miguu, na makarani akawaacha kazini.