Kuhifadhi Mikanda ya Video ya Nyumbani: Je, Diski Yatosha?

Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo deki za video zilikwisha kuingia katika nyumba kadhaa za mijini. Kwa hiyo, kwa jamaa nyingi, picha za kwanza za watu wao wenyewe kuonekana katika kioo hazikuwa za taarifa ya habari, bali za harusi, ubatizo, maulidi na mazishi, zilizopigwa na mpiga video wa mtaani.

Mikanda hiyo ingali imo makabatini. Wengi wa walioonekana ndani yake wamekwisha kufariki, na sauti zao hazipatikani mahali pengine popote. Wenye mikanda kwa kawaida hushauriwa hivi: ipelekeni kwa fundi, aihamishie katika kompyuta, aichome katika diski ya DVD, kisha mikanda yenyewe itupwe. Sehemu ya kwanza ya ushauri huo ni njema. Sehemu ya mwisho ina hatari, na sababu zake zimo katika fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata bila taabu.

Mkanda na adui zake

Mkanda wa aina ya VHS, ambao ulitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, ni utepe wa poliesta wenye upana wa milimita 12.7. Juu ya utepe huo hupakwa chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, zilizoshikwa pamoja kwa gundi ya plastiki. Mkanda wa saa tatu una urefu wa karibu meta 250. Katika deki zetu mkanda hutambaa kwa mwendo wa sentimeta 2.3 tu kwa sekunde, lakini vichwa vya kusomea vimo katika gurudumu linalozunguka mara 25 kwa sekunde, navyo huchora mistari ya mshazari juu ya utepe. Picha imo katika mistari hiyo kwa namna ya usumaku.

Usumaku wenyewe hudumu muda mrefu. Kinachoharibika mapema ni gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na maji hukatakata minyororo ya molekuli zake. Mwanakemia huita jambo hili hidrolisisi. Mkanda huanza kunata, chembe za oksidi hubanduka na kuziba vichwa vya deki, na picha hujaa chenga. Katika miji yetu ya pwani, ambako hewa ina unyevu na joto mwaka mzima, kuna adui wa pili, nao ni ukungu. Mkanda wenye madoa meupe ya ukungu usitiwe kamwe katika deki kabla ya kusafishwa, kwani utachanika, na deki nayo itaambukiza mikanda mingine.

Juu ya hayo, mashine zenyewe zinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuwa inatengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari duniani kote kwamba mikanda ya sumaku itakosa mashine za kuisomea. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la kutia hofu zaidi. Mkanda mzima usio na deki ni sawa na kopo lisilo na kifunguo.

Picha kugeuzwa tarakimu

Ili kuokoa picha, deki huunganishwa na kifaa kidogo kinachopima nguvu ya umeme wa picha mara mamilioni kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Hebu tupige hesabu. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Afrika ya Mashariki, kila sekunde ina picha 25. Kila picha hugawanywa katika mistari 576, na kila mstari katika nukta 720. Kwa hiyo sekunde moja ina nukta 10,368,000. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti mbili, yaani biti 16, tunapata baiti 20,736,000 kwa sekunde. Diski ya kawaida ya DVD hubeba baiti 4,700,000,000. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba diski itajaa kabla ya dakika nne kutimia. Harusi gani huisha kwa dakika nne?

Kwa sababu hiyo tarakimu hazina budi kubanwa. Njia itumiwayo katika DVD huhifadhi picha moja kamili kila baada ya muda mfupi, na kwa picha za katikati huandika mabadiliko tu. Ukuta ulio nyuma ya bibi harusi hausogei. Hakuna haja ya kuuandika mara 25 kila sekunde. Kwa ujanja huu, na kwa kuacha vipengele vidogo ambavyo jicho halivitambui, biti milioni 5 kwa sekunde hutosha, na diski moja hubeba saa mbili. Lakini kinachoachwa hakirudi tena. Basi mwenye mkanda na amwombe fundi faili lisilobanwa sana, pamoja na lile la diski.

Mikanda iliyotumwa na jamaa walioko Marekani hutumia mfumo mwingine wenye picha karibu 30 kwa sekunde. Deki isiyoufahamu mfumo huo huonyesha picha inayoruka au isiyo na rangi, na watu hudhani mkanda umekufa.

Diski huchomwa kweli

Neno letu “kuchoma” ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani. Diski ya DVD ya kuandikwa mara moja ni sahani mbili za plastiki ya polikaboneti zilizogandishwa pamoja, jumla unene wa milimita 1.2. Ndani yake mna tabaka jembamba la rangi ya kemikali na tabaka la metali, mara nyingi fedha, linaloakisi mwanga. Mwali wa leza mwekundu huikanza rangi hiyo mahali padogo sana mpaka ikageuka na kuacha alama. Alama hizo hufuata njia moja inayozunguka kama ganda la konokono, na kati ya mzunguko na mzunguko pana mikromita 0.74 tu. Njia hiyo ikinyoshwa ina urefu wa karibu kilometa 12, upungufu kidogo wa mwendo wa kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Chuo Kikuu, Mlimani.

Rangi ni kampaundi ya kaboni, nayo, kama rangi ya khanga iliyoanikwa juani, huchujuka. Mwanga, joto na unyevu huiharakisha. Fedha nayo hushambuliwa na hewa yenye salfa ikiwa kingo za diski hazikuzibwa vizuri. Kanuni ya kukadiria tunayoifundisha darasani, kwamba mwendo wa mmenyuko wa kemikali karibu huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, yaelekea kuhusu hapa pia. Ndiyo maana maabara hupima umri wa diski kwa kuziweka katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, kisha kukadiria kurudi nyuma hadi hali ya chumba cha kawaida.

Tofauti kubwa ni namna ya kufa. Mkanda hufa polepole na kwa kulalamika: chenga leo, sauti hafifu kesho. Diski hukaa kimya. Katika kila fungu la tarakimu huongezwa tarakimu za akiba, zinazopangwa kwa mbinu iliyochapishwa na Reed na Solomon mwaka 1960. Mfano wake mwepesi ni huu: tunaandika 7, 4, 9, na mwishoni jumla yao, 20. Ile 4 ikifutika, tunaipata kwa kutoa 7 na 9 katika 20. Zikifutika mbili, hatuwezi tena. Diski hufanya hesabu ya aina hii, iliyo ngumu zaidi, kila inapochezwa, na mtazamaji haoni kosa lolote hata kama rangi imeanza kuchujuka. Siku makosa yanapozidi akiba, picha hugandana na kukwama, na pengine diski nzima haisomeki.

Ndugu msomaji atafahamu sasa kwa nini kutupa mkanda ni haraka mbaya. Kinachohifadhiwa ni tarakimu, wala si sahani iliyozibeba. Tarakimu zina sifa ambayo mkanda haukuwa nayo: nakala ya mia ni sawasawa kabisa na ya kwanza. Kwa hiyo ziwepo nakala tatu, mbili katika vyombo vya aina tofauti, kwa mfano diski na kompyuta, na ya tatu katika nyumba nyingine. Na baada ya kila miaka michache zihamishiwe katika chombo kipya. Kompyuta nyingi ziuzwazo sasa hazina hata mahali pa kutia diski. Kabla ya mkanda kuchezwa, kikatwe kile kidole cha plastiki kilicho ubavuni mwake, ili usifutwe kwa bahati mbaya. Maandishi juu ya diski yawekwe katika duara la ndani lisilo na tarakimu.

Walimu wa fizikia na kemia wanaweza kufanya jaribio rahisi. Chukueni diski mbili kutoka pakiti moja, mzichome faili lilelile. Moja iwekwe dirishani, upande wa kusomewa ukielekea jua. Nyingine ifungwe ndani ya sanduku. Kila mwezi nakilini faili kutoka katika kila diski kwa kompyuta ileile, na mwandike muda uliotumika, kwani mashine ikutanapo na mahali pagumu hurudia kusoma. Linganisheni pia nakala na faili la asili, baiti kwa baiti. Chora grafu ya muda dhidi ya miezi kwa kila diski. Shule iliyoko Tanga na nyingine iliyoko Njombe zikitumia diski za aina moja, zinaweza kubadilishana grafu zao baada ya mwaka.