Mtungi Huu Una Nini Ndani?



Tulitembelea kikundi kimoja kinacholima sukuma wiki na vitunguu kando ya Mto Athi. Katika stoo yao tulikuta mitungi mitatu ya njano, ile ya lita 20 inayouzwa na mafuta ya kupikia. Mmoja ulikuwa na petroli ya pampu ya maji, wa pili dizeli ya mashine ya posho, wa tatu mafuta ya taa ya kuuzia wanachama. Tukauliza, mnajuaje upi ni upi? Mweka hazina akajibu, "Si tunanusa tu!" Tukacheka pamoja nao.

Baada ya wiki mbili mtoto akatumwa mafuta ya taa, akapimiwa petroli. Kilichookoa nyumba ile ni nyanya yake, ambaye harufu ilimkataa kabla hajajaza taa. Hatujacheka tena.

Mafuta ya taa hayashiki moto kwa urahisi mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli haingoji. Hata asubuhi ya baridi kali inatoa mvuke unaowaka kwa cheche moja, na ikitiwa ndani ya taa au stovu, hiyo si taa tena, ni bomu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani kama moshi, bali hutambaa sakafuni mpaka ufikie jiko lililo mbali. Kwa hivyo petroli isilale jikoni wala chumba cha kulala, hata kama mnaogopa wezi. Jengeni kibanda kidogo mbali na nyumba, chenye kufuli na matundu ya hewa karibu na ardhi. Mbegu na dawa za mimea zikae kwingine.

Sasa alama. Huko Marekani desturi ni nyekundu kwa petroli, njano kwa dizeli na buluu kwa mafuta ya taa. Kwetu njano itatudanganya, kwa sababu mitungi ya mafuta ya kupikia ni ya njano pia. Kikundi kile kilichagua nyeusi kwa dizeli. Rangi ipakwe kwenye mwili wa mtungi, isiwe kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana kila siku. Andikeni jina kwa herufi kubwa, na kwa wazee wasiosoma choreni picha: taa, bomba la maji, mashine ya posho. Mama mmoja aliongeza jambo ambalo sisi hatukufikiria. Alifunga kamba ya katani kwenye mkono wa mtungi wa petroli, ili hata gizani mtu akiushika ajue.

Mtungi wenyewe uwe wa chuma au ule uliotengenezwa kwa petroli. Ule wa mafuta ya kupikia hulegea na kuvuja. Msiujaze pomoni, maana petroli hufura ikipata jua. Na chupa za soda, jameni, tuziache kabisa! Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli, msimtapishe, kwani yakiingia mapafuni yanamuumiza zaidi. Mkimbizeni hospitali.

Wenye msumeno wa injini au mashine ya kupulizia dawa ya kubeba mgongoni wana kazi zaidi, kwa sababu nyingi za hizo hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Kitabu cha mashine kikisema 25 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka oili mililita 200. Kikisema 50 kwa 1, mililita 100. Mchanganyiko huo uwe na mtungi wake, wenye kipimo na tarehe ya kuchanganya, maana petroli ikikaa miezi mingi huchakaa. Tunajua kijana aliyetia petroli tupu. Mashine ilifanya kazi vizuri asubuhi ile, halafu ikakwama moja kwa moja, na fundi akadai pesa karibu sawa na bei ya mashine nyingine.

Wekeni debe la mchanga mlangoni. Petroli ikiwaka, maji yataueneza moto.

Vikundi vinavyotaka, tutakuja na brashi na rangi siku ya mkutano wenu. Mitungi iliyokwisha petroli iacheni nje, chini ya mti, mbali na moto wa chai. Mtungi mtupu bado una mvuke.